Ombi la Kuwasha Mshumaa wa Mtakatifu Dimitri Ugenini

Chumba cha chini,
Nyumbani kwa Bi. Noeline Pascoe,
Brooklyn, Wellington,
Nyuzilandi.

4 Oktoba 2025

Kwa Mpendwa Baba Mkubwa Svetozar,
Mkuu wa nyumba yetu,
Bolman, Baranja.

Shikamoo, Baba Mkubwa. Mimi mwanao Nenad, mtoto wa marehemu mdogo wako Borivoje, nakuamkia kwa heshima zote. Natamka mapema kusudi la barua hii, kwa maana wewe ndiye uliyenifundisha kuwa mwombaji anayezunguka sana hufanana na mtu mwenye jambo la kuficha. Kusudi langu ni kuomba idhini yako ya kuwasha mshumaa wa slava ya nyumba yetu, siku ya Mtakatifu Dimitri, tarehe nane Novemba, katika mji huu nilikokuja kwa likizo ya kazi ya mwaka mmoja. Sababu zangu nitazieleza moja baada ya nyingine. Lakini ombi lisilotanguliwa na kujuliana hali ni utovu wa adabu, kwa hiyo naanza na hali.

Goti lako la kushoto linaendeleaje? Natumaini bado unalipaka ile dawa ya kusugua na kwamba humwachi Mama Mkubwa Desanka akuswage kwenda kwa daktari kama mbuzi. Yeye mwenyewe presha yake imetulia? Je, mahindi ya upande wa mfereji yamekwisha kuvunwa, na zabibu zilipona ile mvua ya mawe? Nijuze pia kama binti yako Vidosava na mumewe wamepata fundi wa paa. Kwa upande wangu sina la kulalamikia. Mwili ni mzima, hamu ya kula inazidi kipimo, na usingizi huja kabla sijavua viatu.

Nimechagua kuandika badala ya kupiga simu, kwa sababu wewe mwenyewe husema simu ni ya kuuliza kama mvua imenyesha. Na kweli, tangu niondoke, tumeongea habari za mvua tu. Jambo la uzito huu linastahili karatasi, wino na muda wa kufikiri, kama yale maombi ya maji ya bomba niliyowaandikia wanakijiji kwenda kwa manispaa, ambayo ulikuwa ukiyasoma kwa sauti na kuniambia nirudie sentensi ya pili.

Kwanza nitoe habari ambayo najua Mama Mkubwa ataiulizia. Ile soseji yake ya kulen aliyoifunga ndani ya soksi zangu za sufu haikufika. Nchi hii hulinda mashamba yake kama mama alindavyo kichanga. Hairuhusu nyama, mbegu, asali, wala udongo ulioganda kwenye soli. Niliitangaza mwenyewe kabla sijaulizwa. Mama mmoja wa ukaguzi pale uwanja wa ndege aliinyanyua kwa glavu, akainusa, akauliza, "Hii kaitengeneza nani?"

Nikamjibu, "Mke wa baba yangu mkubwa, Bibi Desanka, kwa pilipili ya bustani yake na nguruwe aliyemlea mwenyewe."

Akasema, "Basi mpe pole zangu. Sijatupa kitu kinachonukia hivi tangu nianze kazi."

Nimeona niyafikishe maneno hayo kama yalivyotamkwa, maana ni ushahidi wa mtu asiye na upande. Viatu vyangu vya shambani nao waliviosha wao wenyewe, wakanirudishia vikiwa vinang'aa. Udongo wa Bolman ulibaki kwenye beseni la serikali.

Sasa mji. Baba Mkubwa, sijui nianzie wapi, na wewe unajua mimi si mtu wa kukosa pa kuanzia. Nyumba hapa ni za mbao, zimepakwa rangi kila moja kwa shauri lake, na zimepanda milima hadi mahali ambapo sisi tusingethubutu kufunga hata mbuzi. Ili nifike barabarani nashuka ngazi zinazopita kati ya vichaka, na kwenye kona ya tatu bahari hujitokeza ghafla chini yangu, siku moja ya kijani, siku ya pili nyeusi, siku ya tatu nyeupe kwa povu. Kila asubuhi hujiambia sitasimama kuitazama, na kila asubuhi husimama. Mimi niliyekulia pahali ambapo kitu kirefu kuliko vyote ni mnara wa kanisa, ninaishi sasa juu ya paa la jirani yangu.

Huku Oktoba ni majira ya kuchipua. Nyinyi mnapasua kuni, sisi miti inatoa maua. Nje ya dirisha langu upo mti wenye maua ya njano yanayoning'inia kama kengele ndogo, na ndege mweusi mwenye vishada viwili vyeupe kooni, kama kola ya padri, huyanyonya tangu alfajiri huku akikohoa na kuimba kwa zamu. Watu wazima wenye kazi zao huingia dukani miguu mitupu, juu ya sakafu ya saruji, na hakuna hata mmoja anayewaonya kwamba baridi ya sakafu hupanda mpaka kwenye figo. Niliwatazama wiki nzima nikisubiri mtu aanguke. Hakuanguka mtu.

Kuhusu upepo naomba Mama Mkubwa aketi kabla hujamsomea. Unavuma karibu kila siku. Kofia aliyonifumia ilikwenda baharini siku ya kwanza, nikiwa bado nimeshika mizigo. Lakini upepo wa nje ni wa Mungu. Shida yangu ni ule upepo wa kupenya, ule unaoingia dirisha hili na kutokea lile, ambao kwetu kila mtoto anajua kuwa ndio unaopindisha shingo na kuua wazee. Bi. Noeline, mwenye nyumba wangu, mjane mwenye miaka themanini na ushei, hufungua madirisha ya pande zote mbili kwa hiari yake. Mimi hufunga. Yeye hufungua.

"Unafunga nini tena, mwanangu?"

"Dirisha, Bi. Noeline. Kuna upepo wa kupenya."

"Upo, ndiyo. Unapita tu, hauna nia ya kukaa."

"Utakupoozesha shingo, mama yangu."

"Shingo hii imepitiwa na upepo tangu kabla baba yako hajazaliwa. Lete chai."

Tumefikia mapatano kwamba upande wangu wa ngazi ni Baranja na upande wake ni Wellington. Ni mwema sana. Jumapili huniletea viazi vitamu vya kuchoma, na hunikosoa Kiingereza changu, nilichojifunza peke yangu kutoka kitabu kikuukuu kilichokosa jalada. Anasema naongea kama mtu anayeomba hukumu ipunguzwe. Mimi huona hiyo ni sifa.

Kazi nimepata, tena kazi ambayo naamini niliumbwa kwa ajili yake. Ni kampuni ndogo inayoziba nyufa za nyumba hizi za mbao, kwenye madirisha, milango na chini ya sakafu, ili joto lisitoroke. Kiongozi wetu ni Tamati, Mmaori mwenye mabega kama mlango wa ghala na sauti ya chini kabisa. Mwenzangu wa karibu ni Losa, binti wa Wasamoa, ambaye hubeba ngazi mbili kwa mkono mmoja na kunitania kwa muda uliobaki. Wananiita Wakili. Tamati amegundua kwamba shingo yangu hutambua upepo wa kupenya kabla ya chombo chochote, basi tukiingia nyumba mpya huniketisha katikati ya chumba, kola nimeishusha, na kuwaambia wengine, "Nyamazeni, shingo iko kazini." Nami huonyesha kwa kidole: pale, chini ya kizingiti, na pale, nyuma ya kabati.

Losa alisema, "Kampuni imehangaika kununua mashine za kupimia, kumbe ingetosha kuagiza Mserbia mmoja."

Nakuambia haya yote, Baba Mkubwa, ili ujue kwamba siombi kwa sababu ya upweke. Sikuwahi kufikiri kwamba mtu anaweza kufika mahali asipomjua yeyote na ndani ya miezi miwili akawa anaitwa kwa jina kutoka upande wa pili wa barabara. Naomba kwa sababu nyingine, nayo nitaieleza kama ilivyotokea.

Mwezi uliopita, wakati wa chai ya saa nne, tukiwa tumeketi kwenye vibao vya ukumbi wa nyumba moja, Tamati aliniuliza kwa nini nimeomba mapema niachiwe nafasi tarehe nane Novemba.

Nikamwambia, "Ni siku ya Mtakatifu wa nyumba yetu. Kwetu inaitwa slava. Huwekwa mkate, ngano iliyochemshwa, mvinyo mwekundu na mshumaa, na baada ya hapo watu hula mpaka mkanda ulegee."

"Kwa hiyo ni sherehe," akasema Losa.

"Ni sherehe kubwa kuliko Krismasi."

"Na nguruwe yupo?"

"Nguruwe ndiye wa kwanza kufika."

Losa akaweka kikombe chini. "Haya, tunaalikwa lini?"

Nami, Baba Mkubwa, nikamjibu kama ambavyo wewe ungemjibu, na babu angemjibu, na mtu yeyote mwenye malezi angemjibu. Nilimwambia, "Haalikwi mtu."

Nikaendelea kunywa chai yangu. Nilidhani wameelewa uzito wa jambo. Losa akachukua kikombe chake, akasema, "Sawa, bwana. Kula nguruwe wako peke yako, ila usimeze mifupa." Akaenda kukaa upande mwingine wa ukumbi. Kesho yake chai waliinywa ndani ya gari, mimi nikainywa kwenye ngazi. Keshokutwa yake vilevile. Tamati alinipa maagizo ya kazi kwa adabu kubwa, na adabu ya Tamati ni kitu cha kutisha.

Nilimpelekea Bi. Noeline shauri hilo kama kesi. Nilimwambia nimewapa wenzangu heshima kamili, nao wamenuna. Aliponisikiliza hadi mwisho, alicheka mpaka akavua miwani.

"Mwanangu, huku mtu akikwambia hualikwi, maana yake hutakiwi."

"Lakini kwetu kumwalika mtu kwenye slava ni aibu, Bi. Noeline. Ni kama kumwambia kwamba siku nyingine zote mlango umefungwa. Hawaalikwi kwa sababu wote wanajua waje."

"Na hawa walijuaje?"

Tangu nizaliwe sijawahi kukutana na mtu asiyejua. Bolman nzima inajua ni mlango gani unaachwa wazi siku gani, na hata mbwa wanajua.

Basi asubuhi iliyofuata nilivaa shati safi, nikasimama mbele ya gari lao, nikasema, "Wapendwa wenzangu, nawajibika kutoa maelezo. Sikuwafukuza. Kwetu siku hiyo mlango huachwa wazi tangu asubuhi. Atakayekuja amekuja, atapewa kiti, na mwenye nyumba hataketi mpaka mgeni wa mwisho aondoke. Atakayesubiri kualikwa atasubiri mpaka kiyama."

Losa akateremsha kioo. "Kwa hiyo nije?"

"Siwezi kukujibu. Nikikujibu nitakuwa nimekualika."

"Nije na mama?"

"Swali hilo pia silijibu."

"Na kwaya ya kanisa letu?"

"Mlango ni mpana, Losa."

Akamgeukia Tamati. "Sikia Wakili. Badala ya kusema karibuni kama binadamu, anatusomea katiba." Lakini alikuwa ameshatoka garini na kunimiminia chai.

Tangu siku hiyo habari imesambaa bila mimi kumwalika hata mmoja, na hilo linanifurahisha kuliko ninavyoweza kuandika. Losa amesema wao ndio watakaomchoma nguruwe, kwa mawe ya moto kama desturi yao, kwa sababu hawaiamini oveni ya Bi. Noeline. Bi. Noeline amefukua vitambaa vya meza ambavyo havijakunjuliwa tangu mumewe afariki. Wateja wawili ambao madirisha yao tuliyaziba wameuliza saa. Jirani wa juu, ambaye naye anaishi juu ya paa letu, ameuliza kama aje na gitaa.

Wote nimewaambia jambo moja: mshumaa si wangu. Uko kwako, na mpaka useme, hapana slava. Tamati aliuliza ningefanya nini ukikataa.

"Sitauwasha," nikasema.

"Na nguruwe?"

"Tutamla, lakini atakuwa nguruwe tu."

Akasema, "Basi mwandikie mzee haraka, na uandike vizuri." Kwa hiyo kila asubuhi sasa naulizwa kama jibu limefika kutoka kwako, ingawa barua yenyewe ndiyo kwanza naiandika.

Nilikwenda pia kanisani. Kanisa la imani yetu lipo mjini hapa, na padri ni mtu wa maneno machache. Nilipomwomba aje kuubariki mkate wa slava alinihoji nikiwa nimesimama.

"Baba yako yu hai?"

"Hapana, Baba. Amelala Bolman."

"Mshumaa wa nyumba unashikwa na nani?"

"Baba yangu mkubwa, Svetozar."

"Amekugawia mkate, uanze slava yako?"

"Hapana."

"Basi kwangu unatafuta nini? Kamuulize mwenye mshumaa. Akikubali nitakuja, hata upepo unipeleke na joho langu mpaka bandarini."

Nimerudi kwako, Baba Mkubwa, kwa sababu hakuna mlango mwingine.

Sijasahau uliyosema kwenye kituo cha basi pale Osijek. Ulisema, "Anayewasha mshumaa wake ana nyumba yake. Ukiuwasha huko, usiniambie kwamba ulikwenda kutembea." Mama Mkubwa alikuvuta mkono, nawe ukageuka kana kwamba unakagua mizigo. Nimeyabeba maneno hayo, na siyapingi. Kijana akitoka chini ya paa la wakubwa wake hukatiwa mkate, akaanza slava yake, na kuanzia hapo yeye ni nyumba nyingine. Ninajua pia kwamba nyumba yetu ina mwanamume mmoja tu wa kuipokea baada yako, na kwamba nikiwa nyumba nyingine, mshumaa wako hautakuwa na mkono wa kuupokea. Naelewa kwamba hilo ndilo lililokufanya ukague mizigo.

Kwa sababu hiyo ombi langu limepimwa. Siombi unikatie mkate. Naomba niuwashe kwa niaba yako, kama mkono wako uliorefushwa mpaka huku, na si kama mwenye nyumba. Nimefanya hesabu ya saa, kwa kuwa hapa jua hutangulia kuchomoza, na nisingekubali mtoto wa mdogo wako awashe kabla yako. Siku hiyo saa za huku zitakuwa mbele ya zenu kwa nusu siku kamili. Saa moja jioni ya huku, jua likiwa halijazama, ndiyo saa moja asubuhi ya huko, wakati unapovaa koti jeusi na kumwambia Mama Mkubwa alete kiberiti. Nitasubiri na wageni wangu watasubiri. Nguruwe pia atasubiri. Utauwasha wako, nami nitauwasha huu kwa dakika hiyohiyo. Glasi ya kwanza itakuwa ya Mtakatifu, na ya pili yako, nami nitasema jina lako kabla sijasema langu.

Ninaleta na mfano, maana ombi bila mfano huyumba. Wewe ndiye uliyenisimulia kwamba babu Lazar, alipokuwa akikata magogo katika milima ya Bosnia, aliwasha mshumaa wa Mtakatifu Dimitri uliosimikwa katika kiazi, ndani ya kibanda cha wakata miti, na wenzake wa dini nyingine walivua kofia. Mzee wake hakumhesabu kuwa amehama. Alimwuliza tu kama kiazi kiliiva. Najua utakalojibu. Utasema babu alisukumwa na njaa, mimi nimesukumwa na hamu. Ni kweli, na sina pingamizi. Nasema tu kwamba mshumaa haukuulizwa sababu.

Sasa lililo gumu, nalo silipambi. Ingekuwa rahisi kwangu kuandika kwamba nikipewa idhini nitarudi Julai bila kukosa. Najua ungependa kuisoma sentensi hiyo, na najua ungeisoma mara mbili. Siwezi kuiandika, kwa sababu sijui. Tamati yuko tayari kuniombea nyongeza ya kibali, na karatasi iko juu ya meza, haijatiwa saini. Asubuhi nyingine naamka nikiwa na hakika kwamba kiangazi kitanikuta Bolman nikifyeka nyasi kando ya mfereji. Asubuhi nyingine nafika kwenye ile kona ya ngazi, naona bahari imebadilika rangi tena, na moyo unaniambia mwaka mmoja ni mfupi mno. Sitaki kuipata idhini yako kwa ahadi ambayo huenda nikaivunja. Ukiitoa, itoe ukijua kwamba mwanao ana furaha huku, na kwamba furaha hiyo haijaniambia bado itaishia wapi.

Jambo la goti halijatoka akilini mwangu. Mwenye slava haketi, na tangu baba afariki nimekuwa mimi ninayezunguka na chupa ya rakija ili wewe usimame tu mlangoni na kupokea watu. Mwaka huu nani atamimina? Napendekeza, kwa unyenyekevu, Vidosava asimame nawe. Kijiji kitasema kwamba binti hasimami kwenye slava. Kijiji kitasema pia kwa sababu mimi sipo, kwa hiyo tutakuwa tumewapa maneno mawili kwa chakula kimoja. Yeye anajua nani hunywa nini, na ana mkono mtulivu kuliko wangu.

Ukikataa, Baba Mkubwa, nakuahidi hutasikia neno la uchungu kutoka kwangu. Nitawaeleza wenzangu mimi mwenyewe. Siku hiyo meza yangu haitakuwa na mshumaa, na saa moja yenu ya asubuhi nitapiga simu ili niisikie ile sauti ya kiberiti, tukishamaliza habari za mvua.

Nifikishie shikamoo kwa Mama Mkubwa Desanka, na umwambie ninavaa soksi za sufu hata huku maua yakichanua. Msalimie Vidosava na mumewe Ratko, na watoto wao, niliowawekea manyoya ya ndege ndani ya bahasha hii, kama bahasha itaruhusiwa. Msalimie jirani Gojko na umwambie kwamba nyuki wake wasinune, asali yao isingevuka mpaka. Ukipita makaburini, mwashie baba yangu na mama yangu mshumaa mdogo kwa jina langu. Huo nadhani hauhitaji ombi.

Mtakatifu Dimitri aisimamie nyumba yako, awape ninyi wawili majira ya baridi mepesi, kuni kavu na mlango usiokosa wageni, nami anipe akili ya kustahili jina nililoachiwa.

Barua hii nimekadiria itafika kabla ya mwisho wa mwezi. Jibu lako linaweza kupitia kwa Vidosava, atanipigia. Padri anangoja, nyumba ya Bi. Noeline inangoja, na wenzangu wanaliulizia kila asubuhi. Nimesema yote niliyokuwa nayo. Naomba sasa uamuzi wako, Baba Mkubwa: niuwashe, au nisiuwashe?

Mimi mwanao nikupendaye na kukutii,

Nenad Borivoje Vukmirica